Sekunde Nne Juu ya Uso wa Eusebio Barrera

Wasifu wa marehemu Nvart Deirmenjian Kazezian (9 Aprili 1955 – 14 Mei 2024). Unasomwa na mdogo wake, Zabel, Glendale, California, Jumamosi tarehe 18 Mei 2024.

Der Arsen, padri wetu, ndugu na jamaa, majirani wa Glendale, na ninyi wahariri wa filamu wa Burbank mnaoshinda kwenye vyumba visivyo na madirisha na leo mmekubali kutoka juani: familia inawashukuru kwa kuja kumsindikiza. Wasifu huu una jambo zito ndani yake. Marehemu mwenyewe aliagiza lisomwe mbele ya watu, na familia yake imegombana juu ya jambo hilo mpaka jana mchana. Tutalifikia. Kwanza mjue alikuwa nani.

Nvart alizaliwa tarehe 9 Aprili 1955 huko Bourj Hammoud, Beirut, mtoto wa pili kati ya watatu wa Mzee Krikor Deirmenjian, fundi viatu, na Mama Azniv, aliyeshona magauni ya maharusi. Walikaa vyumba viwili juu ya duka la viatu. Kaka yake Hampartsum alikuwa mpole, mdogo wake Zabel alikuwa mlizi, na yeye wa katikati alikuwa mbishi. Alipokuwa na miaka sita alikataa kula siku nzima kwa sababu baba yake alisema paka wao amekwenda kwa shangazi, na yeye alijua paka amekufa. Mzee Krikor alilazimika kumwomba radhi mtoto, tena mezani, ndipo akala. Tangu hapo nyumba ile iliacha kumdanganya, si kwa wema, bali kwa kuogopa kelele.

Alisoma shule ya wasichana ya Kiarmenia hapo hapo mtaani, kuanzia 1961 hadi 1973, akamaliza akiwa wa tatu darasani na wa kwanza kwa kutolewa nje. Vita vilipoingia mitaani, wazazi waliuza cherehani moja wakamtanguliza Amerika. Alifika Hollywood kwa shangazi yake Yeghsapet tarehe 3 Novemba 1976, na wengine tukamfuata mmoja mmoja. Mchana alipiga pasi kwenye duka la dobi, asubuhi alikwenda chuo cha mji kujifunza Kiingereza. Muhula wa pili darasa la Kiingereza lilikuwa limejaa. Karani akamwambia nafasi iliyobaki ni ya uhariri wa filamu. Nvart akauliza kama huko wanazungumza Kiingereza, akajibiwa kwamba huko hawazungumzi kabisa. Akajiandikisha.

Septemba 1979 aliajiriwa Burbank, kwenye chumba cha mhariri mzee, Bwana Wendell Pruitt, aliyekuwa mkali na mwenye mikono misafi kama daktari. Enzi hizo filamu ilikuwa kitu cha kushika. Picha ilikuwa kwenye ukanda wake na sauti kwenye ukanda wake, na mhariri alizilaza kanda hizo mbili sambamba mezani. Futi moja na nusu ilikuwa sekunde moja. Mgeni katika kazi hukata picha na sauti mahali pamoja, na mtazamaji hushtuka kila tukio linapobadilika. Bwana Pruitt alimfundisha kuzipishanisha: sauti ya tukio linalokuja ianze kusikika wakati picha ya zamani bado ipo, au sauti ya tukio lililopita iendelee kidogo juu ya picha mpya. Mtazamaji anavuka bila kujua kwamba amevushwa.

Wenzake walichukua miezi kulielewa hilo. Nvart alilielewa siku ile ile kwa sababu ya mama yetu. Mama Azniv hakuwahi kuingia sebuleni kimya. Sauti yake ilitangulia kutoka jikoni, kahawa inachemka, ondoeni hayo magazeti, na alipotoka tena bado alikuwa akiteta huko nyuma ya pazia. Miaka mingi baadaye Nvart aliwaambia wanafunzi wake hivi: "Sauti ipige hodi kwanza, picha ndiyo iingie. Na mgeni akishaondoka, maneno yake yabaki kidogo chumbani." Aliipenda kazi ile. Alihariri filamu ndefu tisa na za ukweli, yaani za matukio halisi, zaidi ya thelathini, na jina lake mlilisoma mwishoni, pale ambapo watu wengi huwa wameshainuka kutafuta koti.

Tarehe 11 Juni 1983 alifunga ndoa na Garbis Kazezian, fundi viatu kama baba mkwe wake, mtu wa maneno machache aliyejua kusikiliza. Mwaka 1986 walimpata Maral. Hapa familia inaomba ruhusa ya Der Arsen, kwa sababu kisa hiki anakijua vizuri. Mwaka 1988 binamu yetu aliolewa, na Nvart akajitolea kuihariri video ya harusi. Alitaka iteleze kama filamu ya kweli. Shangazi Yeghsapet alikuwa amerekodiwa akinung'unika kwamba pilau haina chumvi na kuku amekauka, na sauti hiyo Nvart akaiacha iendelee juu ya picha iliyofuata, ambayo ilikuwa ya Der Arsen akibariki meza. Midomo haionekani, ndevu zinafunika. Jamaa wote walioitazama wakaondoka wakisema padri mpya ni mlalamishi wa chakula. Kwa muda wa mwezi mzima waumini walimpelekea Der Arsen chumvi kanisani. Nvart alicheka mpaka akakaa chini, akasema hakujua jambo lile lina nguvu kiasi hicho. Basi alijulishwa mwaka ule, tena kwa kicheko, na hakulizingatia.

Mwaka 1991 alipewa filamu ya ukweli kuhusu moto wa kiwanda cha magodoro, kusini-mashariki mwa Los Angeles. Moto huo ulitokea Oktoba 1990, wakafa wafanyakazi watano, kwa sababu mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa kufuli upande wa nje. Mwongozaji wa filamu alikuwa Bwana Curtis Vandegrift. Katikati ya filamu, mshonaji aliyenusurika, Bi Ofelia Montes, anaeleza jinsi walivyousukuma mlango. Baada yake anakuja msimamizi wa zamu, Bwana Eusebio Barrera, wakati huo mwenye miaka hamsini na mmoja. Anavua kofia, anajifuta macho, anainama. Amekaa kimya sekunde nne kamili. Kisha anasema, "Nilivunja dirisha kwa mikono yangu."

Sekunde nne za kimya, kwa mhariri, ni shimo barabarani. Nvart aliogopa mtazamaji atatumbukia. Kwa hiyo aliichukua sentensi ya mwisho ya Bi Ofelia, akaiacha ivuke na kulala juu ya uso wa Bwana Barrera. Sentensi yenyewe ilikuwa hii: "Mwenye funguo alitufungia akijua tumo ndani." Hakubuni neno. Katika sentensi ile hakuongeza wala hakupunguza. Alisogeza tu, na kiungo kikawa laini kuliko vyote alivyowahi kufanya, na Bwana Vandegrift akampiga busu kichwani.

Filamu ilionyeshwa kwenye televisheni tarehe 12 Machi 1992, na Nvart akapewa tuzo ya uhariri. Mliofika nyumbani kwake mliiona, ilikuwa juu ya kabati la vyombo. Mwezi Novemba mwaka ule ripoti ya uchunguzi ilitoka. Ilisema ufunguo wa mlango ule ulikuwa kwa binamu wa mwenye kiwanda, na kwamba msimamizi Barrera hakuwahi kuwa nao. Habari hiyo gazeti liliiweka ndani, ukurasa wa matangazo ya magari. Nvart hakuisoma, alikuwa ameshahamia filamu nyingine. Televisheni iliirudia filamu mara nne zaidi, vile vile ilivyokuwa.

Sasa tuseme yaliyompata Bwana Barrera, ingawa yeye mwenyewe hapendi kuyasema. Hakushtakiwa, kwa hiyo hakuwa na mahakama ya kumsafisha. Watu waliona uso wake wakasikia maneno yale, basi, lisemwalo lipo. Kiwanda kingine hakikumchukua. Mlango wa nyumba yake ulipakwa rangi nyekundu mara mbili. Mjane wa mmoja wa wale watano, mama aliyekuwa akila mezani kwake kila Pasaka, alimtemea mate sokoni. Yeye na familia yake walihamia mji wa Fontana, ambako hakuna aliyewajua, na mkewe alifia huko akimsihi arudi kijijini kwao Jalisco, Mexico, naye akikataa kwa kusema kwamba anayekimbia ni mwenye hatia. Haya yote yalitokea wakati dada yetu akipokea pongezi, na ni lazima tuseme hivyo kwa sababu yeye alisema hivyo.

Kuanzia 2003 Nvart alifundisha uhariri Jumamosi asubuhi, hapo Burbank. Kila mwaka, somo la tano, aliwaonyesha wanafunzi kiungo kile cha sekunde nne kama mfano wa kazi bora. Jumamosi tarehe 21 Oktoba 2017 alikuwa na wanafunzi kumi na mmoja. Aliwaonyesha, akawasha taa, akawauliza kama kuna aliyeuhisi mkato. Hakuna aliyeuhisi. Akawaambia ndiyo uzuri wake. Mwanafunzi mmoja, mwanamke mtu mzima aliyekaa nyuma, akainua mkono.

"Mwalimu, huyo ni baba yangu."

Nvart akafurahi, akasema baba yake ana uso unaopendwa na kamera. Neno hilo alilijutia mpaka mwisho.

"Hakuwa na funguo," yule mwanamke akasema. "Nimejiandikisha hapa ili nijue ilifanywaje. Sasa nimejua. Naomba uwaulize wenzangu, wanadhani nani aliufunga mlango?"

Nvart angeweza kusema muda umekwisha. Aliwauliza. Wanafunzi kumi waliobaki, vijana wema ambao hawakuwahi kusikia habari za moto ule, wakajibu wote kwamba ni yule mzee mwenye kofia. Mmoja alisema, tena kwa huruma, kwamba inaonekana anajuta. Mwanamke yule alikuwa Graciela Barrera. Nvart alifunga darasa, akaendesha gari mpaka kwa Zabel, akakaa jikoni bila kuvua koti. Zabel alidhani kuna msiba. Kahawa ilipoa mbele yake, kisha akasema kwamba kwa miaka kumi na minne amekuwa akimwua mtu kila Oktoba, na wanafunzi wakipiga makofi.

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Mwezi uliofuata alimwomba Graciela ampeleke Fontana. Alibeba sinia ya paklava, vitafunio vyetu vya asali na karanga, kwa sababu sisi hatujui kwenda kwa mtu mikono mitupu hata kama tunakwenda kutubu. Mzee Barrera alimkaribisha, akampa kiti, akaiweka sinia juu ya friji bila kuifunua. Nvart alimweleza kila kitu, ukanda, kimya, sentensi. Mara ya pili, Januari 2018, alimpelekea filamu aliyoihariri upya: sauti ya Bi Ofelia inakoma kwa Bi Ofelia, na Bwana Barrera anavua kofia katika kimya chake. Mzee aliitazama hadi mwisho, akaizima mwenyewe.

"Hii umeniletea mimi," akasema. "Mimi najua sikufunga. Kawaonyeshe wasiojua."

Nvart akamwomba msamaha.

"Mama, hapa sebuleni tuko watatu," mzee akamjibu. "Ulinisema mbele ya watu, unisafishe mbele ya watu. Mambo ya msamaha tutayazungumza siku hiyo."

Dada yetu alihangaika miaka sita. Televisheni ilimjibu kwamba filamu ni ya zamani na haki zake zimeuzwa. Bwana Vandegrift, ambaye alialikwa leo, alimwambia kwamba filamu yao haikuwa na uongo hata mmoja. Nvart akamwambia, "Kweli, Curtis. Tuliwaachia watazamaji wauseme wao." Hawakuzungumza tena. Tuzo aliishusha kabatini akaitia kwenye boksi la viatu vya Garbis, ambaye alikuwa ameshatangulia mbele ya haki mwaka 2009 na kwa hiyo hakupata kumshauri. Darasani alionyesha viungo vyote viwili, cha zamani na kipya, lakini wanafunzi kumi na mmoja si watu wale waliotazama televisheni mwaka 1992. Aliomba kusema kwenye mlo wa mwaka wa chama kimoja kidogo cha wahariri. Mwaka baada ya mwaka aliambiwa kwamba si mahali pake, watu wamekuja kufurahi. Mwishowe walikubali kumpa dakika tano, tarehe 9 Machi 2024.

Tarehe 16 Januari mwaka huu madaktari walimkuta na saratani ya kongosho, imeshasambaa. Alipokea habari hiyo kwa ubishi wake, akauliza tu kama Machi atakuwa amesimama. Hakusimama. Uzito ulimtoka mpaka pete ya ndoa akaivaa shingoni. Aliomba Zabel akasome badala yake, na chama kikajibu kwa maua mazuri na barua kwamba jambo hilo lisubiri mwakani atakapopona. Siku hiyo alilia, na Zabel hakuwahi kumwona akilia tangu Beirut. Kisha akajifuta, akasema kwamba wahariri wote wa Burbank watakuja kwenye mazishi yake, hata wale waliomkwepa, kwa sababu mazishi hayakataliki. Akaomba kalamu.

Hampartsum alipinga, na ameruhusu tuseme hivyo. Alisema marehemu husemwa mema, kwamba mtu hazikwi pamoja na aibu yake, na kwamba wajukuu watazitunza karatasi hizi. Zabel alimjibu vibaya, kwa maneno yasiyofaa kusomwa mbele ya padri. Waligombana ubavuni mwa kitanda, wakidhani amelala. Hampartsum akasema atamwambia mpiga chapa aiondoe sehemu hii, ibaki ile ya tuzo na harusi. Nvart akafumbua macho.

"Kaka, usinilazie sifa usoni," akasema, "kama nilivyomlazia mwenzangu lawama. Ukiikata hiyo utakuwa umefanya nilichofanya mimi, na wewe huna hata sababu ya kutojua."

Hampartsum alitoka nje. Siku nne hakuja. Na kweli alikwenda kwa mpiga chapa akaiondoa sehemu hii, na karatasi zilichapwa bila hiyo, mia mbili. Jana mchana, baada ya kuuaga mwili wa dada yake na kumfunga kitambaa cha kichwani kwa mkono wake, alirudi huko, akaamuru zichapwe upya. Zile za kwanza hazipo tena.

Nvart alifariki nyumbani kwake, mtaa wa Elk, Glendale, Jumanne tarehe 14 Mei 2024, saa tano asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Maral. Maneno yake ya mwisho yaliyosikika yalikuwa ya kuuliza kama mzee wa Fontana amepata usafiri.

Ameacha binti yake, Maral, na mkwewe, Shant; wajukuu wawili, Nareg na Lori; kaka yake, Hampartsum; mdogo wake, Zabel; na wanafunzi ambao hakuacha kuwasahihisha hata kwa simu. Atazikwa pembeni ya Garbis, kisha mnakaribishwa nyote ukumbini kwenye mlo wa roho, chakula cha kumkumbuka marehemu.

Limebaki lile aliloagiza. Mzee Eusebio Barrera yuko hapa, safu ya tatu, pamoja na binti yake Graciela. Hakuahidi msamaha, na familia haiuombi leo. Alikubali jambo moja tu, kwamba akiitwa atasimama.

Mzee wetu, tafadhali simama. Nanyi wengine mgeukieni, mumtazame usoni vizuri, hasa ninyi mliowahi kuiona filamu ile. Msiniangalie mimi ninayesoma. Mtazameni yeye mkisikia maneno haya, ambayo Nvart aliyaandika kwa mkono wake tarehe 10 Machi:

"Huyu ni Eusebio Barrera. Hakuwa na funguo. Hakuufunga mlango. Alivunja dirisha kwa mikono yake akatoa watu wanne wakiwa hai, na maneno yake kuhusu watu hao wanne niliyakata mimi ili filamu isirefuke. Hatia mliyoiona usoni pake niliiweka mimi, Nvart."

Mungu aiangaze roho yake.